Sitendibai Haiko Karibu na Dubai

Mama,

Shikamoo. Nanyamaza kidogo hapa mpaka uitikie, maana ulinifunza kwamba mtu anayeamkia akaendelea na maneno yake bila kungoja marahaba, huyo hajaamkia, kapiga kelele tu.

Haya. Nina kesi na wewe, na nimeamua kuisema mbele za watu, kwa sababu wewe mambo yangu yote uliyasema mbele za watu. Hakuna mteja aliyekuja dukani kwako akaondoka bila kujua kwamba mwanao ni mhudumu wa ndege. Mtu kaja na msiba wake, macho mekundu, anataka sanda na karafuu maiti, wewe unampimia bafta huku unamwambia, "Pole sana baba, Mungu ampumzishe. Na mimi binti yangu leo kaamkia Mwanza." Nikikukataza, unanijibu, "Sasa kosa liko wapi? Nimemchangamsha." Basi leo ni zamu yangu kukusema wewe. Vumilia.

Duka tuliliita duka kwa heshima tu. Lilikuwa uchochoro uliowekewa bati na mlango, pale Kariakoo upande wa Msimbazi, na ukisimama katikati ukanyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Mkono wa kulia vitu vya harusi: udi, hina, marashi, liwa. Mkono wa kushoto vitu vya maziko: pamba, ubani, karafuu maiti, yale majora ya bafta nyeupe. Wewe katikati kwenye kigoda, na watu wanaingia wanacheka upande mmoja na wanalia upande wa pili. Nimekulia hapo, nimefanyia kazi za shule juu ya jora la sanda, wala sikuwahi kuona ajabu. Nje machinga wanaita "mia tano, mia tano, chagua!" mpaka unaziba masikio, na mbele yako, kwenye kibanda cha sufuria, Mama Neema anabishana na wateja kwa sauti ile ya kwao Moshi inayovuka barabara bila kupunguza mwendo.

Huyo Mama Neema ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipa jina. Nilipopata kazi, nikapita dukani na sare mara ya kwanza, alisimama akapiga makofi: "Jamani, njooni mumwone Hawa wa Hewani!" Jina likashika. Mpaka leo nikipita pale vijana wanaopanga viatu chini wananiita hivyo, na wengine hawajui hata kama Hawa ni jina langu la kweli.

Na wewe kila nilipokuja kukuona ulifungua sanduku langu kabla hujaniuliza kama nimekula. Ulitoa sare, ukaitundika juu ya chetezo, ukaifukiza udi mpaka mikunjo yote ishike. Nilikuambia Mama, kazini hawataki manukato makali. Hukusikia. Msimamizi wetu akawa ananiita bibi harusi. Siku moja mzee mmoja kwenye ndege, nikimfungia mkanda, akavuta pumzi akaniuliza kwa upole, "Binti, unatokea msibani?" Nilipokusimulia ulikasirika kweli. "Ungemwambia natokea kwetu," ulisema. "Kwetu kunanukia hivi."

Sasa tuje kwenye Sitendibai.

Wasomaji hawajui, kwa hiyo niwaeleze. Katika kazi yetu kuna zamu ya kuruka na kuna zamu ya kungoja. Hiyo ya kungoja inaitwa standibai. Unakaa nyumbani, nywele umeshabana, uso umeshapaka, sanduku liko mlangoni, simu mkononi. Hujui kama utaenda, na ukienda hujui ni wapi. Mwenzako akiamka na homa, wewe unaitwa uzibe pengo, na ukiitwa unatakiwa uwe umefika uwanjani kabla mtu hajauliza uko wapi. Ndiyo maana nilipanga chumba Kipawa, karibu na uwanja. Ukitokea kwetu Mchafukoge na ile foleni ya Pugu Road ya asubuhi, ndege itaondoka wewe bado unaitazama taa nyekundu.

Wiki ya kwanza nilikupigia nikakuambia, "Mama, wiki hii siji, niko standibai." Ukasema, "Haya mwanangu, Mungu akulinde huko." Huko! Mimi sikutia maanani. Siku nilipokuja, kabla sijafika hata mlangoni, Mama Neema akanipokea na kiti: "Karibu tena nyumbani! Habari za Sitendibai? Mama yako anasema kuna joto kuliko Dubai." Nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia la mtu. Wewe ukawa umenuna. "Kwani uongo? Si huko huko? Dubai, Mumbai, Sitendibai. Miji yao yote inaishia hivyo."

Nikakueleza taratibu. Ukasikiliza, kidole kwenye shavu. Kisha ukaniuliza, "Kumbe upo hapo Kipawa tu, umekaa unaitazama simu?" Nikakuambia ndiyo. "Na wanakulipa?" Wananilipa. Ukafikiri kidogo. "Basi na mimi niko sitendibai tangu baba yako aondoke," ulisema, "ila yeye hajapiga." Mama Neema alilia kwa kicheko siku ile.

Toka hapo neno likawa la nyumba. Wali uko jikoni haujakauka, uko sitendibai. Kaka Idi kachelewesha kuoa, yuko sitendibai. Ukikaa dirishani pale ghorofani Mchafukoge jioni, mtandio begani, unanisubiri nitokee kwenye kona, nikikuuliza umekaa hapo tangu lini, unasema, "Mimi? Nipo sitendibai tu."

Lakini siku ile ile ya kicheko uliniuliza jambo moja. "Sasa nikitaka kusema na wewe ukiwa huko?" Bado ulipaita huko. Nikakujibu huku nafunga viatu, "Piga tu Mama, ila tusiongee sana, simu isije ikawa bize wakinitafuta." Nilisema hivyo kama mtu anavyosema funga mlango, mbu wasiingie. Wewe uliyachukua maneno yale kama amana. Kuanzia hapo, siku zangu za standibai hukunipigia tena. Ulinibipu. Asubuhi baada ya chai yako simu yangu inalia mara moja, inakata, naona jina lako, najua: Mama kaamka salama. Nami sikujibu, maana tulielewana kwamba bipu haijibiwi. Ndiyo ilikuwa salamu yetu. Watu wengine wanatumiana maua na mioyo kwenye simu, sisi tulikuwa na ule mlio mmoja, na ulinitosha.

Unakumbuka safari yetu ya Mwanza? Ile moja tu tuliyopanda pamoja. Kazini wanatupa nafasi ya kuwapandisha wazazi, na bahati ikaanguka nikapangwa kwenye ndege hiyo hiyo. Nilisimama mlangoni napokea abiria, ukafika na baibui jipya na hina mpaka kwenye viwiko. Ukasimama. Ukanitazama kuanzia kofia hadi viatu, foleni nyuma yako imekwama mpaka chini ya ngazi. Nikakuambia kwa sauti ya kazi, "Karibu sana mama, kiti chako kiko kulia, dirishani." Ukanijibu kwa sauti ya Kariakoo, "We Hawa, mbona unaniongelesha kama hunijui?"

Ndege nzima ilicheka. Nilitaka kupotea, na papo hapo nilitaka kukukumbatia.

Nilikufunga mkanda, nikakuonyesha kitufe cha kumwita mhudumu, kile kilicho juu ya kichwa. Eh, hapo nilijitakia mwenyewe. Hatujatulia hewani, taa ikawaka. Nikaja mbio: "Nikusaidie nini, mama?" Ukasema, "Hakuna. Nilitaka kukuona tu." Nikarudi nyuma, taa ikawaka. "Nilitaka kukuona tu." Nagawa juisi, taa imewaka. Jirani yako, mzee mmoja wa Kisukuma mwenye kofia ya pama, akaona haya kwa niaba yako: "Bibi, utamchosha mtoto wa watu." Ukamwambia, "Si wa watu. Wangu huyu." Na kila ulipobonyeza nilikuja, Mama. Sikukunja uso hata mara moja. Nataka hilo ulikumbuke, maana ndiko kesi yangu inakoelekea.

Kuna na lile jambo lingine. Ulilisema dukani, mchana, unakata bafta ya mteja, kwa hiyo hukulitia hata uzito. "Mimi utaniosha wewe, Hawa. Usimwachie Tatu. Tatu ana mkono mzito, hata vyombo anavunja." Mama mdogo Tatu alikuwa amekaa papo hapo anakunywa kahawa, akasema, "Nasikia, dada." Ukasema, "Nataka usikie." Kisha ukanigeukia: "Wewe unajua kuhudumia watu. Unawafunga mikanda watu usiowajua. Mimi mama yako utanifunga sanda." Nikasema Mama, tuachane na habari hizo. Lakini mwaka uliofuata nilikwenda kujifunza kwa akina mama wa msikitini jinsi ya kumwosha maiti, kuanzia kutia nia mpaka kufunga. Sikukuambia. Nadhani ulijua, kwa sababu siku moja uliniuliza ghafla, "Maji wanasema yawe ya vuguvugu, sivyo?"

Siku yenyewe nilikuwa standibai ya asubuhi. Nimeswali, nimebana nywele, nimevaa sketi na soksi, nimekaa ukingoni mwa kitanda na chai ya rangi. Simu ikalia mara moja, ikakata. Mama. Nikasema moyoni, haya, kaamka. Muda kidogo ikalia tena mara moja, ikakata. Mama tena. Nikacheka peke yangu. Nikasema bibi huyu kasahau kwamba ameshanibipu. Nilitaka hata kukupigia nikutanie, na simu ikaita kwelikweli mkononi. Watu wa ratiba. Mwenzangu kaumwa tumbo, naenda Mwanza na kurudi. Nikavaa blauzi, nikaburuta sanduku, nikaondoka.

Ilikuwa safari ya kawaida kabisa, na hilo ndilo linaloniuma. Mtoto alitapika, nikamsafisha. Bwana mmoja alikataa kuzima simu, tukavutana kwa adabu. Tulipofika Mwanza mvua ya ziwani ikafunga anga, tukaambiwa tungoje ndani ya ndege. Simu yangu iko kwenye mkoba, kabatini, imezimwa. Abiria wa kurudi wakapanda wamelowa. Kisha nikaona dada Vero, kiongozi wetu ndani ya ndege, kaitwa mbele kwa rubani, na alipotoka hakunitazama. Mtu ambaye siku zote ananikosoa mpaka kishikizo! Akachukua toroli kutoka mikononi mwangu. "Leo kaa nyuma, nitagawa mimi." Nikamwambia dada Vero, sijachoka. Akanitazama hatimaye, akasema, "Basi haya, gawa." Nikagawa.

Walikuwa wameshamwambia. Kaka Idi alikuwa amepiga simu yangu mpaka akachoka, akaenda ofisini kwetu mwenyewe, habari ikapita kwa rubani mpaka kwa Vero. Naye alinyamaza, kwa sababu wahudumu wakipungua mmoja ndege haiondoki. Angeniambia pale Mwanza nisingeweza kufanya kazi, ndege ingelala, na mimi ningelala nayo. Nilimkasirikia kwa muda. Sasa simkasirikii tena. Alinileta nyumbani kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Lakini hebu fikiria, Mama. Wewe umelazwa pale nyumbani, maji ya vuguvugu yameshaandaliwa, mama mdogo Tatu anakunja mikono ya gauni lake. Na mimi niko juu ya mawingu, nimejipaka rangi ya mdomo, namwinamia mtu nisiyemjua namuuliza, "Chai au kahawa?"

Tulitua. Nikasimama mlangoni nikawaaga wote, asante, karibu tena, asante, karibu tena. Abiria wa mwisho alipokwisha shuka Vero akafunga pazia, akanishika mikono yote miwili. "Hawa, kaa kwanza." Sikukaa. Nilijua kabla hajasema.

Nilifika Mchafukoge na sare. Ngazi zimejaa viatu. Wanaume walikuwa ndiyo kwanza wanarudi Kisutu, vumbi la makaburini liko kwenye kanzu zao, kaka Idi ameegemea ukuta. Nikamuuliza, "Hamkuweza kunisubiri?" Akasema, "Mpaka lini, Hawa? Hakuna aliyejua utatua saa ngapi. Kumweka Mama pale akingoja ndege?" Hakuwa amekosea. Hakuna mtu hata mmoja aliyekosea siku ile, nimewatafuta wote sijampata.

Ndani akina mama wamekaa kwenye mikeka. Mama mdogo Tatu alinivuta chini, akachukua ncha ya khanga yake akanifuta rangi ya mdomo, akafuta na kufuta kama vile ananisugua doa, akanifunika kichwa. Kisha akaanza kulia kwa sauti. "Nilijitahidi, Hawa," aliniambia. "Nilimwosha kwa mkono mwepesi. Wallahi nilijitahidi mkono uwe mwepesi."

Mama mdogo wa watu. Alikuwa ameyabeba maneno yako miaka yote ile, Mama, na wewe uliyasema kwa mzaha.

Nilirudi kazini kabla ya arobaini. Niliweza. Hii kazi inakufundisha kutabasamu kwa misuli tu, moyo ukiwa umekaa pembeni unangoja. Nilikuwa najiambia: kifo kina siku yake, presha ilikupanda ghafla, hakuna aliyejua, hata wewe hukujua. Nilijifunika maneno hayo nikalala.

Siku ya arobaini, baada ya kisomo, tunakusanya sinia, Mama Neema akanifuata jikoni. Alikuwa amekuja na kitenge cheusi na gunia la vitunguu, kajikalia na akina mama wa Kiislamu tangu asubuhi akiitikia amina mahali ambapo wengine hawajaitikia. Akafunga mlango. Akasema, "Hawa, kuna kitu kimenikaa hapa, siwezi kukimeza."

Akaniambia kwamba asubuhi ile alipanda kukuletea maziwa, akakukuta umekaa kitandani unashika kifua, jasho linakutoka. Ulikuwa umeshanibipu ile ya kwanza, ya salamu. Akakuambia, mpigie Hawa. Ukasema, "Muache. Yuko sitendibai." Akakuambia, Kipawa si mbali, atafika na bodaboda. Ukasema, "Nikimpigia simu itakuwa bize. Wakimtafuta wakamkosa, watamwachisha kazi mwanangu." Akakuambia, Yesu wangu, wewe mwanamke, piga hata neno moja! Ukachukua simu. Akaona unabonyeza, akashukuru. Ikalia mara moja, ukakata. Ukamwambia, "Nimeshambipu. Akiona mara mbili ataelewa."

Ndipo Mama Neema akamwita kaka Idi, wakakupeleka hospitali.

Mara mbili. Nami nilikuwa nimekaa kitandani na chai ya rangi, nikacheka.

Sasa sikia kesi yangu. Nimekukasirikia, Mama. Nimekukasirikia mpaka nikaogopa, maana mtu hamkasirikii aliyekwenda zake. Wewe uliyebonyeza kile kitufe mpaka mzee wa Kisukuma akaona haya! Uliniita nije kukutazama tu, mbele ya ndege nzima, na nikaja. Uliniita kwa sababu ya juisi, kwa sababu ya mawingu, bila sababu yoyote. Siku yenye sababu ukanibipu. Nani alikuambia kazi yangu ni dhaifu kiasi kile? Nani alikuambia inalindwa hivyo, kwa kifua kinachobana na simu iliyokatwa? Ni mimi niliyekuambia. Nilikuwa nafunga viatu. Ungenipuuza, Mama, kama ulivyopuuza habari za udi, kama ulivyopuuza kila nilichokukataza tangu nipate akili. Lile moja tu ndilo ulilitii.

Nimekaa na hasira hiyo muda mrefu, na nisingekuandikia ingekuwa haikutokea ya juzi.

Mama mdogo Tatu ndiye anayeshika duka siku hizi. Hajavunja kitu. Alichukua na simu yako, kwa ajili ya wateja wa zamani, na mimi sikubadilisha jina. Kwa hiyo bado ninapigiwa na Mama. Anataka kujua bei ya udi ule wa Dubai, anataka kujua kama nimekula. Mwanzoni kila nilipoona jina moyo uliruka. Sasa hauruki tena, ila unasimama kidogo.

Juzi nilikuwa standibai. Sketi, soksi, chai ya rangi, kitanda kile kile. Simu ikalia mara moja. Mama. Nikasubiri ikate. Haikukata. Ikalia tena, na tena. Nikapokea.

"Hawa mwanangu, samahani, najua uko kazini," alisema mama mdogo, sauti iko mbali. "Nasikia kizunguzungu. Duka linazunguka. Nadhani ni sukari, nimetoka bila kula."

Nikamwambia asikate. Nikamwambia akae chini kabisa, sakafuni, aegemee jora la bafta. Nikamwambia ampigie kelele Mama Neema. Nikasikia anaita, nikasikia ile sauti ya Moshi inavuka barabara. Nikamwambia aendelee kusema na mimi, chochote, anisimulie mteja wa mwisho alinunua nini. Akaanza kunisimulia. Na katikati ya maneno yake nikausikia ule mlio mdogo ndani ya simu, kwamba kuna mtu mwingine ananipigia. Nilijua ni nani. Mlio ukaja, ukakoma, ukaja tena. Sikuutazama. Nikasema, "Ehe, mama mdogo, halafu? Pamba ngapi?" Mpaka nikasikia Mama Neema ameingia, anamnywesha chai ya sukari na kumgombeza kwa kushinda njaa. Tuliongea mpaka sauti yake ikarudi karibu. Mchana alikuwa ameshaanza kubishana na mteja.

Nilipokata nikakuta watu wa ratiba wamepiga mara kadhaa. Nikapiga mimi. Nikawaambia samahani, simu ilikuwa bize.

Yule kijana wa ratiba akasema, "Usijali dada Hawa, tumeshampigia mwingine. Siku nyingine uiache wazi." Nikasikia anatafuna kitu. Akakata.

Tumeshampigia mwingine. Basi, Mama. Ndiyo hivyo tu. Simu ikiwa bize wanapiga namba inayofuata. Ndege iliondoka kwa wakati, watu walikunywa chai yao, dada mmoja mgeni kazini alifurahi kupata safari. Hakuna aliyenifukuza. Hata kuniita ofisini hawakuniita.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda na sare yangu mpaka chai ikapoa, nikakulilia, kwa mara ya kwanza bila hasira. Hicho ndicho ulichokuwa unanilindia.

Sina la kuongeza. Sare imeisha harufu ya udi, na mama mdogo akiifukiza haikai kama ulivyoikalisha wewe. Dirisha lako kaka Idi amelifunga, anasema vumbi. Mimi bado naruka, na siku za kungoja bado nangoja, pale pale Kipawa, simu iko mapajani.

Lala salama, Mama. Na huko uliko, kama kuna siku utanihitaji, hata kwa kunitazama tu, tafadhali usibipu. Piga. Acha iite mpaka nipokee.

Mwanao uliyemsubiri dirishani,
Hawa